Kuangalia, Kuangalizia na Kulinda

Miongoni mwa semi za Kiingereza zinazowakosesha wafasiri wetu bila wao wenyewe kutambua kwamba wamekosea, mmoja ni ule usemao «keep an eye on». Nasema bila kutambua kwa sababu msemo huu hauna neno gumu hata moja. Mwanafunzi wa shule ya msingi huyajua maneno yake yote. Istilahi ngumu ina faida yake: mfasiri akikutana nayo husimama, hufungua kamusi, huuliza wenzake, na pengine huliandikia Baraza barua. Msemo mwepesi humponyoka, na madhara yake huonekana baadaye, mbali kabisa na meza aliyokalia.

Ukifasiriwa neno kwa neno msemo huo ni kuweka jicho juu ya kitu. Waingereza huutumia kwa maana ya kutazama jambo mara kwa mara ili lisiharibike, ilhali mtazamaji anaendelea na shughuli zake nyingine. Huombwa mtu kuangalia chungu kilicho mekoni, mtoto achezaye uani, bei ya kahawa katika soko la dunia, au mgeni ambaye nia yake haijajulikana. Uangalizi wa namna hiyo hauna mshahara wala zamu. Yafaa msomaji aliweke hilo akilini, maana ndilo lililopotea katika mkasa nitakaoueleza.

Nilikuwa Oldeani, wilayani Karatu, kwa kazi nyingine kabisa, yaani kukusanya maneno yatumiwayo na wakulima wa kahawa. Oldeani ni jina la mlima, na pia ni jina la mji mdogo ulio chini ya mlima huo. Asili yake ni neno la Kimaasai lenye maana ya mianzi, na mianzi hiyo ingali ikiota mlimani hadi leo. Upande wa juu kuna msitu mkubwa unaoungana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Upande wa chini kuna mashamba ya kahawa yaliyofunguliwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, katika miaka ya 1920 na 1930, pamoja na vijiji vya wakulima ambao wengi ni Wairaqw. Maji ya vijiji hutoka msituni. Tembo nao hutoka msituni.

Katika kijiji kimojawapo palikuwa na mradi wa maji uliofadhiliwa na watu wa nje. Wafadhili hao waliandika barua ya Kiingereza kueleza namna mradi utakavyoendeshwa, na katika barua hiyo walipendekeza kwamba mzee mmoja, ambaye shamba lake limepakana na msitu, aombwe kutupa macho katika chanzo cha maji kila apitapo. Walitumia msemo ule ule tunaouzungumzia. Barua ikafasiriwa na mtu ambaye sikupata kumjua, nayo tafsiri ikasomwa mkutanoni na kutiwa sahihi. Sentensi ya Kiswahili ilikuwa fupi na yenye kupendeza: «Mzee huyu atalinda chanzo cha maji na mabomba yake.» Mzee akatia kidole gumba.

Miezi kadhaa baadaye tembo walishuka usiku, wakafukua mabomba na kuyavunja. Kamati ikamwita mzee. Baadhi ya wajumbe walisema kwamba mlinzi akilala na mali ikaharibika, mlinzi hulipa; ndivyo ilivyo kwa ghala, ndivyo ilivyo kwa duka, na bomba halina sababu ya kuwa tofauti. Mzee akajibu, «Wanangu, mimi niliambiwa niangalie. Ni nani aliyenituma nikashindane na tembo usiku?» Akaonyeshwa alama ya kidole chake chini ya neno «atalinda».

Waliposikia kwamba mgeni aliyefika kwa ajili ya kahawa ni afisa wa istilahi, walinitaka nisome barua zote mbili na kuwaeleza Kiingereza kinasema nini. Sikuwa na mamlaka ya kuamua shauri, na niliwaambia hivyo. Lakini swali lao lilikuwa swali la lugha, na jibu lake ndilo makala haya.

Tuanze na kulinda, maana ndiko kulikoleta ugomvi. Kulinda ni kukaa kwa ajili ya kitu, tayari kumkabili anayekuja kukidhuru. Ndani ya kitenzi hiki mna adui, hata kama hajatajwa. Alindaye ana lindo, yaani mahali pake pa kukaa. Akiliacha lindo ametenda kosa. Ndiyo maana tuna Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania, na hakuna aliyewahi kufikiri kuliita jeshi la uangalizi. Ikisemwa katika mkutano wa kijiji kwamba fulani atalinda ghala, wasikilizaji huelewa mambo mengi ambayo hayakutamkwa: kwamba atakesha, kwamba atapewa chochote kwa kazi hiyo, na kwamba kitu kikipotea yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Wajumbe wa kamati ile, kwa hakika, hawakuwa watu wakatili. Walikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Mkulima wa miteremko ya Oldeani anajua kulinda ni nini. Mahindi yakikaribia kukomaa, hulala shambani kuyakinga na nguruwe pori na tembo, na mchana watoto huwafukuza nyani na ndege. Kwa kazi ya namna hii Kiswahili kina kitenzi chake mahsusi, kuamia, na kina jina la jukwaa ambalo mwamiaji hukaa juu yake, yaani dungu, au ulingo. Siku hizi ulingo tunausikia zaidi kwa wapiganaji ngumi na kwa wanasiasa, na kuamia kunazidi kutoweka katika vitabu vya kilimo, ambamo waandishi huona afadhali kusema «kufukuza ndege waharibifu katika mashamba ya nafaka». Maneno saba kwa kazi ya neno moja! Lakini hilo ni shauri la siku nyingine.

Kuangalia ni mbali na kulinda. Anayeangalia ana macho, wala si lazima awe na rungu. Kitenzi hiki kina mapana makubwa: twaangalia picha, twamwambia mtu «Angalia, utaanguka!» kwa maana ya kumtahadharisha, na mtoto mwema huangalia wazazi wake uzeeni, kwa maana ya kuwapatia chakula na matibabu. Hospitalini mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi, naye hufurahi kusikia hivyo kuliko kama angeambiwa yuko chini ya ulinzi. Kwa kuwa neno ni pana na hutumika nyumbani, baadhi ya maafisa huliogopa. Huliona jepesi mno kwa barua yenye mhuri, nao hutafuta lililo zito zaidi. Naamini mfasiri wa barua ile alifanya hivyo kwa nia njema: alitaka Kiswahili chake kifanane na karatasi ya serikali. Hakukumbuka kwamba kila alipoongeza uzito wa neno alimwongezea mzee mzigo.

Kiswahili, hata hivyo, kina njia yake ya kusema hasa kile ambacho Mwingereza hukisema kwa jicho, na njia hiyo imo katika mnyambuliko wa kitenzi. Siku ya kuondoka nilikuwa stendi ya Karatu nikisubiri gari. Mama mmoja mwenye gunia la vitunguu vya Mang'ola alimgeukia kijana aliyeketi karibu naye, wala hawakuwa wakijuana, akamwambia, «Mwanangu, hebu niangalizie mzigo huu, naja sasa hivi.» Kijana akajibu, «Haya, mama,» akaendelea kula mahindi yake ya kuchoma. Hapo ndipo ulipo msemo wetu mzima. Kijana hakugeuka mlinzi wa vitunguu. Hakuahidi kupigana na mwizi. Alikubali kwamba macho yake, ambayo yalikuwa wazi hata hivyo, yatalipitia gunia lile mara kwa mara kwa niaba ya mwenye mali, na kwamba likitokea jambo atapiga kelele.

Tulitazame neno lenyewe. Kutokana na angalia tunapata angaliza, kauli ya kutendesha, ambayo imetupatia nomino angalizo, yaani neno la kumtahadharisha mtu. Kutokana na angaliza tunapata angalizia, ambamo imeongezwa kauli ya kutendea. Kauli hii ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu inamlazimisha msemaji kumtaja anayefanyiwa: ni-angalizie, tu-angalizie, wa-angalizie. Msemo wa Kiingereza hauna lazima hiyo. Mwingereza anaweza kuagiza jicho liwekwe juu ya chanzo cha maji bila kusema ni kwa ajili ya nani, wala ni nani atakayeulizwa likitokea la kutokea. Mswahili anapotaka kunyambua kitenzi chake hukutana na swali hilo mlangoni, na mfasiri aliye makini, kabla ya kuandika, atalirudisha kwa mwenye barua: Je, mali hii ni ya nani, na huyu mzee anamwangalizia nani?

Sharti nitoe tahadhari juu ya kitenzi kinachofanana na hiki. Mtu aweza kudhani kwamba, kama angalia imezaa angalizia, basi tazama nayo itatupa tazamia kwa maana ile ile. Lugha haikwenda njia hiyo. Kutazamia sasa ni kutarajia, na kwa matumizi mengine ni kupiga ramli. Mwalimu akimwambia mwanafunzi «nitazamie madaftari haya», ataeleweka kwa msaada wa ishara ya mkono tu.

Sasa nije kwenye jicho lenyewe. Katika magazeti na redio tunazidi kukutana na «kuweka jicho» kwa kuiga Kiingereza: kamati imeweka jicho kwenye mradi, halmashauri yaweka jicho kwenye mashamba fulani. Wapo wanaosema kwamba lugha hukua kwa kukopa, na kwamba baada ya miaka 20 hakuna atakayeshtuka. Huenda. Kwa maoni yangu mkopo huu una hasara kuliko faida, kwa sababu kiti chake hakikuwa kitupu. Katika Kiswahili jicho linalotua juu ya mali ya mwingine halikosi kutiliwa shaka. Kijicho ni wivu. Jicho baya ni husuda yenye kudhuru. Anayetolea macho kitu anakitamani. Mkulima wa mpakani mwa hifadhi akisikia kwamba ofisi fulani imeweka jicho kwenye shamba lake, hatafikiri kwamba anasaidiwa. Atakwenda kuzitafuta hati zake. Kutupia jicho ni salama zaidi, lakini ni kwa mtazamo wa mara moja, wa kupita, nao haufai kwa uangalizi unaodumu. Kukaa macho ni msemo mzuri sana, ila unaeleza hali ya mtu kuliko kazi aliyopewa: hukaa macho na wezi, hawezi kuukaa macho mzigo.

Karatu na Ngorongoro ni nchi ya mifugo, kwa hiyo kitenzi kingine kinachojitokeza upesi ni kuchunga. Mchungaji hutembea na anachokichunga. Akili yake inatangulia mbele ya ng'ombe, ikijua majani yako wapi, maji yako wapi, na simba alionekana wapi jana. Kutokana na picha hiyo tumempata mchungaji wa kanisani, na tumepata pia amri «chunga mdomo wako», kwa kuwa mdomo nao hupotea njia ukiachwa. Kina mama wengi husema «nichungie mtoto», na baadhi ya walimu huwasahihisha ati mtoto si mbuzi. Sioni kosa lolote. Mtoto wa miaka 2 hutembea kuliko mbuzi. Lakini chanzo cha maji hakitembei, na ndiyo maana hakuna mtu Oldeani aliyesema kwamba mzee alipewa kazi ya kukichunga.

Kusimamia kuna mamlaka ndani yake. Anayesimamia anaweza kusema «acha» na kazi ikasimama. Walimu wanalijua hili kutokana na msimamizi wa mtihani, ambaye kwa saa tatu kazi yake ni kutazama tu, lakini ambaye akiona udanganyifu hutenda. Watumishi wa serikali wanalijua kutokana na uchaguzi: msimamizi wa uchaguzi hutangaza matokeo, ilhali mwangalizi wa uchaguzi huandika taarifa akaenda zake. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 maneno haya mawili yamekuwa yakikaa katika ukurasa mmoja, na anayeyabadilisha hawezi kujitetea kwamba alipitiwa tu, maana amempa mgeni madaraka ambayo sheria haikumpa. Nyapara naye ni wa ukoo huu. Jina hilo lilitoka kwa wanyampara wa misafara ya Wanyamwezi katika karne ya 19, likaingia mashambani na magerezani, na njiani likashika harufu ya kiboko. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa hulitamka kwa namna ambayo haihitaji maelezo, na waraka wa leo hauna sababu ya kulifufua.

Historia ya mashamba hayo hayo inatupa mfano mwingine wa kufikirisha. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, mali za Wajerumani katika Tanganyika, yakiwamo mashamba ya Oldeani, ziliwekwa chini ya afisa wa serikali ya kikoloni ambaye cheo chake kwa Kiswahili tungekiita mtunza mali ya adui. Kutunza ni kukihifadhi kitu katika hali yake njema kwa siku zijazo, na tunasema mtunza bustani, mtunza ghala na mtunza fedha. Mtunzaji anakishika kitu bila kukimiliki. Je, afisa yule aliitunza mali ya adui kwa ajili ya adui, au alimtunza adui asiitumie? Cheo cha Kiingereza kiliziacha maana zote mbili zikae pamoja, na historia ikachagua: walowezi wengi wa Kijerumani hawakuyapata tena mashamba yao.

Limebaki hifadhi, neno ambalo katika sehemu hizi hakuna awezaye kulikwepa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kukiweka kitu kisipotee. Ndiyo maana mwanachuoni huhifadhi Kurani moyoni, na mtunza nyaraka huhifadhi mafaili kabatini. Serikali ilipohitaji istilahi za uhifadhi wa wanyama na misitu, neno hili lilibeba mizigo mingi mno. Serengeti ni Hifadhi ya Taifa. Ngorongoro ilikuwa sehemu ya hifadhi hiyo hadi ilipotengwa mwaka 1959, ikawa Eneo la Hifadhi. Katika Hifadhi ya Taifa watu hawaishi wala kuchunga. Katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 8,292, sheria iliyolianzisha iliweka wanyama pori, mifugo na wakazi katika ardhi moja. Tofauti hiyo kubwa imefichwa nyuma ya neno dogo «eneo», ambalo wasemaji huliacha, wakabaki wakisema hifadhi kwa yote mawili. Mabishano juu ya makazi ya watu wa Ngorongoro, ambayo yalizidi mwaka 2022 baadhi yao walipoanza kuhamia Msomera katika wilaya ya Handeni, si ya afisa wa istilahi kuyaamua. Lakini nimesoma taarifa zaidi ya moja ambamo wabishani wawili walitumia hifadhi kwa maana mbili tofauti, kila mmoja akishangaa kwa nini mwenzake haoni jambo lililo wazi.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, haitoshi tena mfasiri kujikinga kwa kusema kwamba asili ya Kiingereza ni sahihi. Kiswahili ndicho kinachosomwa mezani, na ndicho kinachotiwa kidole gumba.

Nirudi mlimani. Niliwaambia wajumbe kwamba Kiingereza hakikusema kulinda, na kwamba mzee hakuahidiwa malipo wala silaha, kwa hiyo hata mantiki ya barua yenyewe haikumfanya mlinzi. Waliniomba niandike sentensi nyingine. Nikaandika: «Mzee ataiangalizia kamati chanzo cha maji kila apitapo kwenda shambani kwake, na akiona uharibifu wowote atampasha habari mwenyekiti. Ulinzi wa chanzo na mabomba ni wajibu wa kamati.»

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. Akasema kwamba «ataiangalizia» ni neno la stendi, halijakaa kiofisi, na akapendekeza «atafanya ufuatiliaji wa mara kwa mara». Nilimweleza kwamba mfuatiliaji hupewa fomu za kujaza na safari za kwenda kutoa taarifa, na kwamba huenda mwakani wakamdai mzee fomu hizo. Mzee, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema, «Mwacheni kijana aandike hivyo hivyo. Hilo la stendi nalielewa.»

Likaandikwa hivyo hivyo. Baadaye niliarifiwa kwamba deni la mzee lilifutwa katika muhtasari wa mkutano uliofuata. Mabomba mapya yalikuwa hayajanunuliwa.